Tairi Gumu Liitwe Gumu

Kuna mwenzetu anayependekeza kwamba tairi la mpira mtupu, lile linalofungwa siku hizi kwenye baiskeli za umeme, tuliite "kingatobo", kwa kufuata mfano wa "kingamwili". Silikubali.

Hapa Magamba, Mpanda, miba ya migunga haina huruma. Mota ya baiskeli yangu imo ndani ya gurudumu la nyuma, hivyo kuziba pancha moja ni kuchomoa nyaya, kulegeza nati za ekseli na kuomba dua nyaya zisikatike. Muuzaji aliponiambia "hili halitoboki", sikuuliza swali la pili, nikanunua mawili. Fundi aliyaloweka katika maji ya moto, akayapaka sabuni, akayapenyeza kwenye ringi kwa vyuma na jasho jingi.

Kweli, hayakutoboka. Lakini kila shimo la barabara lilinipanda hadi kiunoni, spoki zikaanza kulegea, na betri iliyokuwa ikinifikisha mjini na kunirudisha ikawa inaishiwa njiani. Mpira mtupu humeza nguvu kila unapobonyea; upepo huirudisha karibu yote.

Sasa tulipime neno. Palipo na kinga pana kinacholindwa. Tairi hili linalinda nini, ilhali halina upepo wa kutoka? Limeepuka jeraha kwa kukosa pafu. Anayeliita kingatobo ametaja faida, gharama akaifunika.

Wala si kitu kipya kinachodai jina la heshima. Magurudumu ya mpira mtupu yalikuwapo kabla Dunlop hajatengeneza tairi lake la upepo mjini Belfast mwishoni mwa miaka ya 1880, na watu waliyaacha kwa sababu ya mtikisiko huu huu. Tairi la upepo lilipopendwa, mpira ukapanda thamani, na katika himaya ya Mfalme Leopold, iliyoanzia ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, watu wakakatwa mikono kwa ajili yake. Himaya hiyo iliitwa Dola Huru ya Kongo. Nalo lilikuwa jina tamu.

Nitaambiwa kwamba "gumu" ni neno la mtaani, halina hadhi ya istilahi. Fundi wangu, ambaye hajaalikwa kongamano lolote, alilibonyeza kwa kidole gumba kabla ya kulifunga, akasema: "Mwalimu, hili gumu." Alikuwa ameshataja kiuno changu, spoki zangu na betri yangu, na mimi sikumsikia kwa kuwa masikio yalikuwa yamejaa maneno ya muuzaji. Tairi gumu, tairi la upepo: mtoto anaelewa, mnunuzi anajua anachokinunua. Washairi nao wasisingizie mizani. "Tairi gumu la nyuma" ni mizani 8 kamili, kipande kizima.

La nyuma nimeliacha, kwa sababu ya mota. La mbele nimeling'oa, nikarudisha la upepo.