Bibi wa mfanyakazi ana haki ya kinezi pia

Wandugu wa Bunia, Komanda, Nyankunde na Irumu yote,

Kila wiki tunahesabu waliokufa, na lazima tuwahesabu. Lakini wale waliotoka hospitali wakiwa hai, nani anauliza kama wanatembea?

Mwenzetu mmoja anafanya kazi kwenye kampuni moja hapa Bunia. Bibi yake aligongwa na moto, mfupa wa paja ukavunjika, akapasuliwa na kuwekewa chuma. Kampuni ililipa upasuaji. Daktari alipoandika seansi za kinezi, jibu likawa: "Hiyo ni masaji, asiransi yetu haiingii humo." Tena wakaongeza: "Mfanyakazi ni wewe, si bibi yako."

Tuanze na hilo la pili, maana ni uongo mtupu. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamlazimisha mwajiri kumtunza mfanyakazi pamoja na familia yake, na bibi au bwana yumo. Imetaja matunzo ya daktari, upasuaji, dawa, kulazwa, hata safari ya mgonjwa asiyeweza kujisogeza. Vifaa vya mifupa pia vimo. Basi sheria inayolipa kifaa cha mguu itakataa aje yule anayekufundisha kukitumia?

Na asiransi? Ule ni mkataba kati ya patroni na kampuni ya bima. Hamkuusaini nyinyi. Asiransi ikikataa, deni linarudi kwa patroni, halirudi kwa mgonjwa.

Kinezi si masaji, wandugu. Goti lisipokunjwa wiki nyingi linakauka, misuli ya paja inakonda, na ule upasuaji wa pesa mingi unabaki chuma ndani ya mguu usiofanya kazi. Mama huyo analima na kuuza sokoni. Akibaki kitandani, nyumba nzima inalala njaa.

Tunajua wengi wetu hatuna patroni: wamotari, mama wa soko, wakimbizi wa kambini. CNSS haigusi ugonjwa wa kawaida. Yake ni pensheni, ajali za kazini na posho za familia. Uzazi wa bure ulioanzia Kinshasa Septemba 2023 tunaupokea kwa mikono miwili, lakini aliyevunjika mguu Komanda hazai. Tunadai mpango wa afya kwa wote uandike kinezi waziwazi, na hospitali za Irumu zipewe wakinezi, sababu kutuma mgonjwa Bunia mara tatu kwa wiki, kilometa 75 kwa barabara inayoshambuliwa, ni mzaha.

Wewe uliyekataliwa: mwombe daktari aandike idadi ya seansi na sababu. Dai jibu la patroni kwa maandishi, usikubali la mdomo. Kisha peleka yote kwa inspekta wa kazi, maana tribunali haikupokei kabla hujapita kwake. Kama unaogopa kufukuzwa, tuandikie: tutakusindikiza, na tutakaa nje ya biro mpaka utoke na karatasi yenye muhuri.