Sindano ya Uchungu

Mwanamke aliye leba akiomba "sindano ya uchungu", katika hospitali nyingi za Tanzania hataletewa kitu cha kumpunguzia maumivu. Nesi atapima njia, atatazama kadi, na daktari akiridhia itatundikwa dripu ya oksitosini ili uchungu uzidi. Ndivyo tunavyosema. Dawa ya kuuongeza uchungu ina jina la mtaani ambalo kila wifi na kila shangazi analijua. Ya kuupunguza haina jina, na mtu ataombaje kitu asichojua kinaitwaje?

Badala ya jina hilo wazazi wamepewa neno moja: vumilia.

Nyuma ya neno hilo ipo imani, nayo ni ya wasomi na wasiosoma sawia: kwamba uchungu wa uzazi hauna maandalizi, kwamba mwanamke aliyekamilika huumeza kimya, na kwamba anayepiga kelele, anayeomba dawa au anayeishia kwenye kisu amepungukiwa na kitu. Ushahidi wake ni ule ule siku zote. Bibi alishikwa na uchungu shambani, akajifungua chini ya mwembe, akamlaza mtoto kivulini, akaendelea na palizi.

Bibi huyo ni mtu mashuhuri. Kila ukoo unaye, ingawa ukiuliza lilikuwa shamba gani na mwaka gani, hadithi huanza kuyumba. Basi na tukubali kuwa alikuwapo. Waliofia kwenye mashamba hayo hayo hawakurudi kusimulia. Utafiti wa kitaifa wa afya Tanzania wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya wazazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Katika miaka hiyo, uzazi wa vituoni ulipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Uvumilivu wa wanawake haukuongezeka kwa muda huo, maana haukuwahi kupungua. Kilichoongezeka ni idadi ya waliojifungua mbele ya mkunga aliyesomea, penye oksitosini ile ile ya kuzuia mama asivuje damu baada ya kuzaa, na kwa mwenye bahati, damu ya kuongezewa.

La kuchekesha ni kwamba bibi wa shambani alifika hadi Ulaya. Mwaka 1933 daktari Mwingereza, Grantly Dick-Read, alichapisha kitabu cha kutetea uzazi wa asili. Hoja yake ilikuwa kwamba woga humkakamaza mwanamke, na kukakamaa huzaa maumivu. Katika kuithibitisha aliwatumia wanawake wa jamii alizoziona kuwa hazijastaarabika, ambao alidai huzaa bila tabu kwa kuwa hawajafundishwa kuogopa. Baadaye alizunguka Afrika, na mwaka 1955 akatoa kitabu kuhusu safari hiyo. Mwanamke wa London akaambiwa amuige mwanamke wa Kiafrika, na huyo wa Kiafrika hakuulizwa kama anaumia. Leo mjukuu wake anaambiwa habari ile ile kama mila ya nyumbani.

Hata hivyo Dick-Read alikuwa na nusu ya ukweli. Woga una kazi yake mwilini. Mwanamke anayetishwa au kuachwa peke yake hutoa homoni za hofu, na homoni hizo zinaweza kudhoofisha uchungu na kuurefusha. Mfaransa Fernand Lamaze alikwenda Umoja wa Kisovieti mwaka 1951, akaona wanawake wakifundishwa mapema jinsi mwili unavyofanya kazi na jinsi ya kupumua. Akarudi Paris na mafunzo hayo, yakaenea duniani. Mapema mwaka 1956 Papa Pius wa Kumi na Mbili aliwaambia madaktari kwamba kumwandaa mwanamke azae bila maumivu hakuvunji mafundisho ya dini. Habari hiyo ina umri wa miaka 70 hivi, na bado wapo wahubiri wetu wanaomkumbusha mja mzito adhabu ya Hawa kana kwamba kumpunguzia maumivu ni kumpinga Mungu.

Na wanaomsifu mwanamke aliyezaa kimya wangesoma tena habari za Maryam katika Kurani. Uchungu ulimpeleka hadi kwenye shina la mtende, akasema laiti angekuwa amekufa kabla ya hayo. Hakukemewa kwa kauli hiyo. Alitulizwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji, akaambiwa autikise mtende zimwangukie tende mbivu, ale, anywe, atulie. Katika wodi ngapi za leo mzazi aliye kwenye uchungu hupewa hata hayo maji na tende?

Maandalizi nayo yasitiwe chumvi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ronald Melzack wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mtaalamu wa sayansi ya maumivu, alipima uchungu wa wazazi waliopitia mafunzo na wasiopitia. Waliofundishwa waliumia kwa kiasi kidogo zaidi, lakini wengi wao bado waliumia sana, na wengi waliomba ganzi. Anayemuuzia mja mzito darasa la "kuzaa bila maumivu" kwa pumzi na mishumaa anamdanganya kama anavyomdanganya yule anayesimulia bibi wa palizi. Kuzaa kunauma. Linaloweza kubadilika ni hali anayokutana nayo mwanamke uchungu ukimbana.

Tuuangalie uchungu wenyewe kwa karibu. Njia ikiwa imefunguka sentimita saba hivi, uchungu huja kila baada ya dakika mbili au tatu. Huanzia kiunoni, ukazunguka mbele, ukapanda, ukafika kilele, ukaanza kuachia. Wote huchukua kama dakika moja. Halafu huja mapumziko, na mapumziko hayo ndiyo yanayosahaulika. Mwanamke asiyejua kwamba yapo huyatumia kuuogopa uchungu unaofuata, hivyo anateseka dakika zote tatu. Aliyeandaliwa huachia mabega, hunywa maji mafunda mawili, huegemeza paji la uso ukingoni mwa kitanda. Ukibana tena, aliye naye anamkandamiza kiuno kwa kisigino cha kiganja, kwa nguvu hasa, pale pale panapouma, huku akimhesabia pumzi: ingiza taratibu, toa ndefu zaidi. Akitaka kupiga magoti anapiga magoti. Akitaka kuzunguka chumba na khanga kiunoni anazunguka. Akitaka kulia analia, kwa sauti nzito ya kifuani. Hakuna muujiza hapo, ila kiganja na pumzi, na mtu asiyeondoka.

Huyo mtu asiyeondoka amefanyiwa utafiti mwingi. Madaktari John Kennell na Marshall Klaus, wakiwa na wenzao nchini Guatemala, walipanga wanawake wasiokuwa na ndugu leba wakae na mwanamke wa kawaida, asiye nesi wala mkunga, wa kuwashika mkono na kuzungumza nao. Matokeo yalitoka mwaka 1980: waliokuwa na mwenzi walijifungua haraka zaidi. Mwaka 2017 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kupitia tafiti za afya, walikusanya majaribio 26 ya aina hiyo, wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17. Mwenye mtu wa kukaa naye tangu mwanzo hadi mwisho alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuzaa kwa njia ya kawaida, nafasi ndogo zaidi ya kupasuliwa, alihitaji dawa za maumivu kidogo zaidi, na uchungu wake ulikuwa mfupi zaidi. Uchambuzi mwingine wa Cochrane, wa mwaka 2013, ulionyesha kwamba kukaa wima na kutembea badala ya kulala kitandani kunapunguza hatua ya kwanza ya uchungu kwa zaidi ya saa moja. Kingekuwa ni kidonge, kingekuwa na tangazo redioni.

Sasa nenda getini alfajiri, katika hospitali nyingi za wilaya. Mama mzazi yupo nje, ameketi juu ya khanga, kando yake beseni, chupa ya chai na doti mbili za khanga mpya. Amezaa watoto sita. Anajua kukanda kiuno na kutuliza. Mlinzi anamwambia saa ya kuona wagonjwa bado. Ndani, ukuta mmoja tu, bintiye amelazwa chali, mkao unaoliegemeza tumbo lote juu ya mshipa mkubwa wa damu, na anaambiwa avumilie. Tumewatoa wanawake kwa wakunga wa jadi, na kwa ajili ya uhai wao tulifanya vyema. Ila tulipobeba uzazi kuupeleka hospitali tulimwacha nje mama mwenye kiganja. Mwanamke aliyejifungulia nyumbani alikosa damu na dripu, lakini hakukosa mtu.

Na panapokosekana mtu, "vumilia" hugeuka kwa urahisi kuwa kitu kibaya zaidi. Kuna kauli ambayo mzazi yeyote wa pwani hadi bara anaijua, ile ya kumuuliza anayelia kama alilia hivyo siku ya kuitafuta mimba. Kuna wanaoshonwa msamba bila ganzi, jambo lililoandikwa katika tafiti za nchi nyingi, na dawa ya kutia ganzi hapo ni ya bei nafuu. Katika utafiti uliofanyika mkoani Tanga, kwenye vituo vya Korogwe na Muheza, kiasi cha asilimia 19 ya wazazi walisema walidharauliwa au kunyanyaswa walipohojiwa wakitoka kituoni; walipofuatwa nyumbani wiki chache baadaye, walifika asilimia 28. Huenda getini waliogopa kusema. Nchini Kenya, utafiti katika vituo 13 ulipata kwamba mwanamke mmoja kati ya watano alitendewa hivyo. Mwaka 2013, huko Bungoma, mwanamke alijifungulia sakafuni kwenye ujia wa hospitali ya umma, akapigwa na kutukanwa na manesi kwa kuchafua sakafu. Tukio hilo lilirekodiwa kwa video. Machi 2018 Mahakama Kuu iliamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5 za Kenya.

Manesi wa leba si wabaya kuliko watu wengine. Mmoja akiwa na wazazi wanane usiku mzima, kelele za mmoja ni tishio kwa saba. Lakini hilo ndilo linalomtaka mwenzi aingie, maana nesi hawezi kukanda viuno vinane.

Wapo watakaosema mwandishi anatetea dawa. Anatetea hiari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 kuhusu huduma za leba unapendekeza mwenzi wa kuchaguliwa na mzazi mwenyewe, maji na chakula, mkao anaoutaka, mbinu za kupumua na kukandwa, na pia dawa, ikiwemo ganzi ya mgongoni, kwa mwanamke mwenye afya anayeiomba. Vyote vimo katika mwongozo mmoja, wala kimoja hakikiondoi kingine. Ganzi ya mgongoni inataka daktari wa usingizi, na hao ni wachache. Ndiyo maana kwa walio wengi inabaki ya hospitali binafsi za mijini, kwa mwenye uwezo. Hapo ndipo sifa ya "kuzaa bila dawa" inapotia shaka. Mwanamke aliyepewa nafasi ya kuchagua, akajiandaa, akasema hataki dawa, anastahili kila pongezi. Aliyekosa dawa kwa kuwa haikuwapo hakuchagua chochote. Kumpigia vigelegele ni kuufunika upungufu wa huduma kwa khanga ya sherehe.

Aliyepasuliwa naye aachwe apumzike. Hakuna aliyewahi kuona njia fupi katika kukatwa tumbo.

Kinachoweza kufanywa kesho hakisubiri daktari wa usingizi. Mkoani Kigoma, kuanzia mwaka 2016, shirika la Thamini Uhai lilisaidia vituo vya serikali kuruhusu wazazi waingie leba na mtu waliyemchagua wenyewe. Vilikuwa vituo vya kawaida kabisa. Pingamizi kubwa linalosikika kwingineko ni kwamba wodi ni za wazi, na kuingiza mtu wa huyu ni kumvunjia yule sitara. Ni pingamizi la kweli, na dawa yake ni pazia.

Basi mwenye mja mzito nyumbani, mume, mama au wifi, kliniki ijayo aende naye. Akifika aulize mambo manne, kwa adabu, mbele ya muuguzi mkuu kama yupo: nani ataruhusiwa kuingia naye leba, ataruhusiwa kutembea na kuchagua mkao, atapewa maji, na akishonwa ganzi ipo. Akijibiwa kwamba hakuna mtu anayeingia kwa kuwa hakuna mapazia, aulize pazia moja ni shilingi ngapi, kisha alipeleke swali hilo hilo kwa diwani wake.