Kamba ya Kupandishia Tanga

Wengi wenu mmekwisha kuona chombo cha tanga, ama ziwani Tanganyika, ama katika picha tu. Macho hutazama tanga. Ile kamba inayolipandisha mlingotini haitazamwi na mtu. Mabaharia wa pwani huiita henza. Leo twataka kusema habari zake, maana anayeinunua bila kufikiri hutupa fedha yake majini.

Watu husema: kamba nzuri ni ile isiyokatika. Kwa henza, hilo halitoshi. Nailoni, iliyobuniwa Marekani mwaka 1935, ina nguvu kabisa, walakini hurefuka ikivutwa. Tufanye hesabu kama darasani. Tanga linashikwa na mita 10 za kamba. Kamba ikirefuka mita 3 katika kila 100, tanga litashuka sentimita 30. Ndipo ukingo wake wa mbele hulegea, tumbo lake huzidi na kurudi nyuma, chombo hulala ubavu, wala hakiwezi tena kuukaribia upepo. Na haya hutukia saa gani? Upepo unapozidi, yaani saa ileile nahodha anapotaka tanga lake liwe bapa. Na pengine mbele yake iko miamba ambayo hana budi kuiepuka.

Basi, tuchague nini? Kwa kawaida poliesta iliyosukwa, hasa ile iliyokwisha kunyoshwa kiwandani. Uzi huo ulibuniwa Uingereza mwaka 1941. Hurefuka kidogo, huvumilia jua, na bei yake si ya kutisha. Iko nyingine, Dyneema, iliyobuniwa Uholanzi, ambayo karibu hairefuki. Lakini ni ghali, tena huteleza hata mafundo ya kawaida hufunguka. Sisi tungewaachia wenye kushindana mbio. Polipropileni, ile kamba nyepesi ielayo majini, haifai: jua huiharibu upesi.

Nailoni nayo isitupwe! Ifungeni nangani. Huko kurefuka ndiko kunakotakiwa, maana wimbi likikishtua chombo, kamba hulipokea pigo polepole.

Aliye na henza ya zamani aijaribu hivi: apandishe tanga upepo ukiwa mdogo, naye awe ametia mlingotini alama ionekanayo kutoka chini, penye ncha ya juu ya tanga. Upepo ukivuma kwa nguvu, atazame tena. Ikiwa ncha imeshuka chini ya alama, na fundo halikuteleza, henza hiyo yarefuka mno.