Waraka kwa Mafundi wa Mbulumbulu: Saiti Moja, Msimamizi Mmoja wa Usalama

Ndugu mafundi wa Kambi ya Simba, Slahhamo, Kitete, Lositete na Upper Kitete,

Nawaandikia kabla ya mvua za vuli kwa sababu ya jambo moja zito. Kwenye saiti zetu kila fundi mkuu anaangalia watu wake, na hakuna anayeiangalia saiti nzima.

Kazi za shule na zahanati siku hizi tunazipata kwa fosi akaunti. Vifaa vinanunuliwa na kamati, kuta anapewa huyu, kenchi na bati yule, umeme mwingine, na wananchi wanakuja kusomba mchanga na mawe. Ndivyo yalivyojengwa madarasa mengi kati ya yale 15,000 ya fedha za UVIKO-19 mwishoni mwa 2021, mbio mbio ili wanafunzi wa Januari wapate pa kukaa. Utaratibu huu umetupa riziki, siupingi. Ila umemwondoa mkandarasi mkuu, ambaye ndiye angeulizwa ajali ikitokea, na mahali pake hatujamweka mtu.

Tazameni jukwaa. Mwashi analifunga kwa mirunda na misumari, anamaliza kozi ya mwisho, anahamia kazi nyingine. Watu wa kenchi wanafika, wanahitaji kitu cha kutegemezea, wanang'oa mirunda miwili ya mshazari. Ile ya mshazari ndiyo inayozuia jukwaa lisiyumbe, lakini asiyelifunga atajuaje? Kisha fundi plasta anapanda na ndoo yake, saidia fundi akiwa chini yake. Kwa macho jukwaa ni lile lile la juzi. Hapo hakuna fundi mzembe hata mmoja. Kila mmoja ameifanya kazi yake, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Shimo la choo nalo ni hivyo hivyo. Mchimbaji akishalipwa ameondoka, mfunikaji hajapatikana, na udongo wetu ukilowa unateleza na kingo zinameguka. Na watoto wa shule wapo palepale uwanjani.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali wa usalama kazini, OSHA, inamtaka mwajiri awalinde watu wake. Wewe unayewalipa vijana wawili jioni ni mwajiri, usijidanganye kwamba neno hilo ni la makampuni ya mjini. Na Mkataba Na. 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unazungumzia hali yetu hasa: waajiri wawili au zaidi wakiwa saiti moja, mkandarasi mkuu, au yule mwenye mamlaka juu ya kazi nzima, ndiye anayeratibu usalama. Asipokuwepo, ateue mtu mwenye ujuzi, aliyepewa madaraka na nyenzo. Lakini kila mwajiri anabaki na jukumu kwa watu wake mwenyewe. Kwa hiyo kuwepo kwa msimamizi hakutupi ruhusa ya kulala.

Ninachoomba ni hiki. Usitie saini mkataba mpaka jina la msimamizi wa usalama limeandikwa ndani yake, pamoja na malipo yake na uwezo wa kumsimamisha yeyote, hata fundi mkuu. Kila asubuhi, kabla ya mtu kushika mwiko, msimamizi huyo akutane na wakuu wa makundi yote: nani leo yuko juu ya nani, shimo lipi liko wazi, waya wa umeme unapita wapi. Jukwaa likabidhiwe ana kwa ana, na asiguse mrunda mtu asiyelifunga bila kumwona msimamizi. Bati zikipandishwa kwenye upepo, chini pasiwe na mtu, awe fundi au mwananchi wa kusomba maji.

Najua mtasema kamati itaona gharama inaongezeka na kumpa kazi fundi mwingine. Itaweza kama tumegawanyika. Basi tusimame pamoja: kamati ikikataa kumwandika msimamizi, tupeane taarifa, twende wote kuonana nayo kabla msingi haujachimbwa.