Mtoto Anapotaka Kujenga Ndani ya Simu



Hapa Itetemia sisi wauguzi hatuulizwi tu habari za homa na kuharisha. Siku hizi twaulizwa pia: "Huu mchezo wa matofali ambao watoto wanang'ang'ania kwenye simu ya baba yao, una madhara?"

Unaitwa Minecraft. Ulibuniwa Sweden na kukamilika mwaka 2011. Mtoto hupewa nchi tupu yenye miti, milima na wanyama, kisha achimbe na kujenga apendavyo. Si wa kipuuzi. Mradi ulioanza mwaka 2012 kwa ushirikiano wa UN-Habitat na wenye mchezo huo uliwapa wakazi wa Kibera, Nairobi, nafasi ya kuutumia kupanga uwanja wao wa Silanga.

Siku ya kwanza, mama, keti naye. Mchezo una njia mbili kubwa. Katika ile ya ubunifu vifaa vyote vipo tayari wala hakuna wa kumdhuru. Mdogo aanzie hapo. Mwambie ajenge tembe, ya namna ile aliyokaa Livingstone pale Kwihara mwaka 1872. Kila kitu mle ni matofali ya mraba, hivyo paa la bapa litamtoka vizuri kuliko la mgongo.

Njia ya pili ni ya kujitafutia riziki. Siku nzima ya mchezo ni dakika 20 tu, na usiku mazimwi hutoka! Basi asubuhi akate mti, magogo ayafanye mbao, mbao nne zitoe meza ya fundi. Mbao tatu na vijiti viwili hutoa sururu ya kuchimbia mawe. Kabla jua halijazama awe ndani, mlango umefungwa. Akiwa mwoga, nendeni kwenye mipangilio mchague hali ya amani, mazimwi hayatamsumbua.

Lakini mazimwi hayo ni ya kuchora. Sisi twaogopa zaidi watu. Mchezo ukiunganishwa na intaneti, mtoto aweza kujenga pamoja na mtu asiyemjua, wakaandikiana, akaulizwa jina, shule, hata picha. Hatusemi kila mgeni ni mbaya; twasema mtoto wa miaka minane hawezi kuwapambanua. Ukishanunuliwa na kuwekwa kwenye simu, mchezo huchezeka bila intaneti. Basi izimeni kabla hajaishika. Akitaka kucheza na wenzake, wawe wale mnaowajua kwa sura. Na namba ya siri ya fedha asiijue, maana ndani mna duka.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya kioo, na aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa. Kwa wakubwa, sisi twashauri simu irudi kwa mama saa nzima kabla ya kulala. Atanuna. Mpeni dakika tano amalize ukuta wake, kisha ichukueni.