Waya wa Dhahabu Haukufanyi Prodyusa

Wasee, leo tuambiane ukweli. Kuna uongo unazunguka madukani na mtandaoni, na unakula doo za vijana ambao hata hizo doo hawana. Ati spika zako hazilii vizuri kwa sababu hujanunua waya wa bei. Mimi nasema huo ni wizi, tena wizi wa kuchekewa usoni.

Angalia hapa Gitothua. Karibu kila ploti ina msee ameweka kompyuta na spika mbili za mtumba kwa meza, anapika midundo usiku majirani wakilala. Kuna mwingine ana kaduka ka kuuza filamu, mwingine ndiye anashika sauti kanisani Jumapili. Hao ndio wanalengwa. Tuseme mmoja wao amejinyima mpaka akafikisha thao tatu. Anapanda matatu, anapita Thika Road, anashuka tao, anaingia Luthuli Avenue. Anamwambia muuzaji spika zake zinanguruma. Muuzaji hata haulizi spika ni gani. Anatoa waya mnene kama kamba ya ng'ombe, ncha zinang'aa dhahabu, anasema, "Bro, hii ndiyo ya studio." Thao tatu kwisha. Kijana anarudi keja, anachomeka, na spika bado zinanguruma.

Sasa hiyo dhahabu inafanya nini? Kitu kimoja tu: haishiki kutu. Kama unaishi Mombasa kwenye hewa ya chumvi, sawa, itakusaidia kidogo. Lakini haiongezi besi wala haisafishi sauti ya mwimbaji. Mwaka wa 2007 Mmarekani James Randi, mwanamazingaombwe aliyezeeka akiwaumbua matapeli, aliahidi dola milioni 1 kwa yeyote atakayethibitisha, bila kuangalia, kwamba anasikia tofauti kati ya waya wa spika wa maelfu ya dola na waya mwingine mzuri wa bei nafuu. Dola milioni moja, jo! Hakuna aliyeichukua. Kama hata matajiri wa Marekani hawakuichukua, wewe wa Ruiru unauziwa nini?

Na kwa waya wa dijitali mambo ni mabaya zaidi. USB na HDMI hubeba 0 na 1. Zikifika, zimefika. Zisipofika, sauti inakatika au inapotea kabisa. Hakuna USB inayofanya sauti iwe "tamu". Anayekuambia hivyo anauza utamu wa mfuko wake.

Turudi kwa ule mngurumo, ile "mmmm" ya chini isiyoisha. Fanya jaribio la bure. Kama ni laptopu, chomoa chaja, wacha itumie betri. Mngurumo ukiisha, tatizo ni umeme, si bei ya waya. Kompyuta na spika zimechomekwa soketi tofauti, kila moja ina njia yake ya kwenda ardhini, na waya wa sauti umeziunganisha. Umeme kidogo unazunguka humo, na kwa sababu umeme wa Kenya hutikisika mara 50 kwa sekunde, wewe unasikia huo mtikisiko. Chomeka zote mbili kwa ekstensheni moja. Mara nyingi shida inaishia hapo. Ikikataa, na kompyuta yako ina tundu la sauti la mwanga, na spika pia, tumia hilo. Waya huo haubeti umeme hata kidogo, kwa hivyo huo mzunguko unakufa.

Na tafadhali, akija fundi akuambie dawa ni kukata waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano kwenye plagi, mfukuze. Mngurumo unaweza kweli kuisha. Lakini siku kitu kitaharibika ndani ya hiyo amplifaya, bodi yake ya chuma inaweza kuwa na volti 240, na wewe ndiye utakayeigusa. Hakuna mdundo wa maana kiasi hicho.

Kuna mtego mwingine unaofanya watu watupe spika nzima. Spika nyingi za studio zina tundu kubwa la milimita 6.35, na laptopu ina lile dogo la 3.5. Msee ananunua waya wenye 3.5 upande huu na pini moja kubwa ya mistari miwili upande ule, anachomeka. Sauti ya mwimbaji inapotea! Vyombo vinasikika kwa mbali, kama redio iliyo kisimani. Kwa nini? Laptopu inatuma kushoto na kulia, lakini spika inadhani imeletewa sauti moja ya aina mbili zilizogeuziana, kwa hivyo inatoa moja kwa nyingine. Mwimbaji yuko katikati, pande zote mbili sawa, basi anafutika. Unachohitaji ni waya unaogawanyika mara mbili: 3.5 moja, halafu pini mbili kubwa za mstari mmoja mmoja, moja kwa kila spika. Kama spika zako zinatumia matundu mekundu na meupe, chukua ule wa RCA. Nyekundu ni kulia, nyeupe ni kushoto. Basi.

Nasikia mtu akisema, "Kwani, si waya ni waya?" Hapana, buda. Nawe pia umekosea. Waya wa bei ya chini kabisa mara nyingi hauna kinga ya kutosha, na pini yake inalegea haraka. Na kwa spika zisizo na umeme wake, zile unazounganisha na amplifaya, kuna waya unaouzwa kama shaba kumbe ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua kwa kisu. Ukiona weupe ndani, umepigwa: alumini hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba ya unene huo huo. Kwa hivyo lipia shaba, pini iliyoshika na urefu unaokutosha. Usinunue mita tano za kuzungushia chini ya kitanda. Zaidi ya hapo, unalipia pakiti.

Sasa nigeukie wenzangu tunaotengeneza kontenti. Tunajua haya. Halafu mtu anatumiwa waya wa bure, anawasha taa ya duara, anasema "nimesikia tofauti kubwa sana!" Umesikia nini, na video yako inachezwa kwa spika ya simu ya mtu aliye ndani ya matatu? Sema umelipwa. Hakuna aibu kulipwa. Aibu ni kumfanya mtoto wa mtaa aamini kwamba midundo yake ni mibaya kwa sababu ni maskini.

Hicho ndicho kinaniuma kuliko hizo thao tatu. Kijana akishaamini kipaji kinanunuliwa Luthuli, anaacha kusikiliza kazi yake na kuanza kuhesabu vifaa asivyonavyo. Hizo pesa zingekuwa blanketi zito la kutundika ukutani ili chumba kiache kurudisha mwangwi. Zingekuwa vifurushi vya data, au hedifoni za kufanyia kazi mtoto wa jirani akilala.

Kwa hivyo ukienda dukani, enda na picha ya matundu ya spika zako na ya kompyuta yako. Muuzaji asipotaka kuziangalia kwanza, toka. Anataka kuona mfuko wako tu.