"Frateri, Mwanangu Atapata Uhandisi?"



Matokeo ya Kidato cha Sita yakitoka, kwa kawaida mwezi Julai, sisi mafrateri hapa Ruhuwiko hugeuka washauri wa vyuo. Misa ikiisha, hata kanzu hatujavua, mzazi anakuja na simu mkononi: "Frateri, mwanangu kapata divisheni wani ya PCM. Atapata uhandisi pale Mlimani?" Nasi tunajibu upesi: "Atapata mama, usiwe na wasiwasi, tumwombe Mungu." Jibu hilo ni tamu, lakini tunaona ni kosa. Tunalisema kwa sababu tumelifanya wenyewe.

Tuwaangalie vijana wawili wa mfano. Wa kwanza ana B ya Kemia, C ya Fizikia na D ya Hisabati. Kwa hesabu ya Baraza la Mitihani, A ni 1, B ni 2, na kuendelea hivyo. Jumla yake ni 9, Daraja la Kwanza, nyumbani wanachinja kuku. Wa pili ana B ya Fizikia, C ya Hisabati na E ya Kemia. Jumla ni 10, Daraja la Pili, nyumbani kimya. Lakini TCU huhesabu kinyume: A ni 5, E ni 1. Tena kwa uhandisi masomo yanayobeba mzigo ni Fizikia na Hisabati. Hesabu tena: wa kwanza ana pointi 5, wa pili ana 7. Yule aliyenyimwa kuku ndiye aliye karibu zaidi na mlango.

Kiwango cha chini cha kuomba shahada ni pointi 4 katika masomo mawili ya fani, kwa hiyo wote wawili wana sifa. Hapa darasa letu la mantiki linasaidia kidogo: sharti la lazima si sharti toshelevu. Kuwa na sifa ni ruhusa ya kupanga foleni tu. Mlimani, ambako uhandisi ulianza kufundishwa 1973, foleni hiyo ni ndefu, hasa kwa kozi ambazo kila mtu anazitaka.

Kuna ndugu watasema tunawavunja watu moyo, eti kazi ya Frateri ni kutia matumaini. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba tumaini lahusu jema lijalo, lililo gumu, ila linalowezekana. Ukiondoa ugumu, hilo si tumaini tena, ni kujidanganya. Na mama aliyeuza mahindi yake ili mtoto asome ana haki ya kuambiwa ugumu uko wapi wakati bado kuna la kufanya.

Maana la kufanya lipo. Tangu 2017 mwanafunzi huomba moja kwa moja vyuoni, na anaweza kuomba zaidi ya kimoja. Mbeya kuna MUST, tena ni karibu kwetu kuliko Dar es Salaam. Kuna DIT. Kuna njia ya stashahada, ambayo mtu akimaliza na GPA ya 3.0 au zaidi anaweza kuomba shahada. Mkopo nao ni jambo jingine kabisa. Kuchaguliwa chuo si kupata mkopo, na wazazi wengi huchanganya.

Yule kijana wa pointi 5 si wa kubuni tu. Wa namna yake tulimwambia mama yake "atapata." Akaomba chuo kimoja, kozi moja. Dirisha la kwanza likapita, la pili likapita, akabaki nyumbani akichunga mbuzi wa babu yake. Mama hakutulaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililotuuma.

Mwaka uliofuata alikuja tena baada ya Misa, na simu ileile. "Shikamoo mama," tulimwambia, "tukae pale kwenye benchi." Tukaomba karatasi kwa katekista.